Mwembe au Mchicha? Historia ya Vikao vya Bustani Huku Mofwe

Tulipoweka picha za kikao cha bustani, maswali yalikuja mengi. Wengine waliuliza siku. Wengine waliuliza kama kuna posho (hakuna, kuna maji ya kunywa na kivuli). Lakini mmoja alituuliza jambo lililotufanya tukae na kuandika: ninyi wakimbizi mnafanyaje chama cha bustani kwenye ardhi ya kuazima? Si hayo ni mambo ya wazungu wenye maua?

Swali hilo lina sehemu mbili, na zote mbili ni za historia. Basi vumilieni, makala ya leo ni ndefu kidogo.

Tuanze na kikao chenyewe. Mara moja kwa mwezi, Jumamosi asubuhi kabla jua halijakali, watu wa mitaa yetu hukaa chini ya mti pamoja na majirani Wazambia wa vijiji vya karibu. Mtu mmoja anazungumza. Si lazima awe amesoma. Sharti ni moja tu: aongee juu ya kitu ambacho mikono yake mwenyewe imekitoa ardhini. Akimaliza anaulizwa, na hapo ndipo moto unawaka, maana bamama wa kwetu hawaachi neno lipite bila kulipima. Siku nyingine anakuja afisa wa kilimo. Naye anakaa kwenye zamu kama wengine.

Vikao vya mwanzo vilikuwa vya majina tu. Mtu anasema lenga-lenga, jirani Mzambia anasema bondwe, mwingine aliyepitia Tanzania anasema mchicha, na wote wameshika jani lile lile. Matembele huku ni kalembula. Ngai-ngai ni lumanda. Sombe ni katapa, na kwa Watanzania ni kisamvu. Bukari yetu ni ubwali wao, na hilo angalau linasikilizana. Kuna kijana alinung'unika kwamba tunapoteza asubuhi nzima kwa kamusi. Sisi hatukuona hivyo. Ukienda sokoni Kashikishi kutafuta mbegu na hujui jina, utauziwa chochote.

Sasa hao wazungu wenye maua. Ni kweli wapo. Mwaka 1804 watu saba walikutana London, kwenye duka la vitabu la Hatchards, wakaanzisha chama cha bustani ambacho baadaye kiliitwa Royal Horticultural Society. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa watu kukaa, mmoja akasoma alichokigundua kuhusu mti wa matunda au viazi, wengine wakasikiliza na kubisha. Mtindo huo ulifika Afrika Mashariki pamoja na walowezi. Mwaka 1934 kilitoka kitabu cha kilimo cha bustani cha Afrika Mashariki, kimehaririwa na Dokta Jex-Blake, waandishi wake wakiwa wanachama wa chama cha bustani cha Kenya na maofisa wa serikali za kikoloni za Kenya, Uganda na Tanganyika. Ni kazi ya watu waliojua bustani, hatubishi. Ila ilikuwa bustani ya mwenye hati ya shamba mfukoni, ambaye anaweza kupanda mti leo bila kujiuliza nani atakaa kwenye kivuli chake.

Sisi hatukujifunza kukaa kikao kutoka kwao. Na tukiangalia historia ya ukanda huu, tunaona kwamba bustani za Mofwe zilijengwa na watu waliofika wakiwa wametoka mahali pengine.

Mofwe ni ziwa dogo karibu na Mwansabombwe, kwenye bonde la Luapula, kusini ya Mweru. Tukisema Mofwe hapa tunamaanisha ukanda wote, kutoka pale kupanda mpaka Nchelenge na ufukwe wa ziwa kubwa. Kabla ya karne ya 18 walikuwepo Bashila, wavuvi, na wakuu wao wa jina la Nkuba. Halafu wakaja Walunda kutoka magharibi, kutoka himaya ya Mwata Yamvo, kule ambako leo ni Kongo. Kiongozi wao ni Mwata Kazembe, na kiti chake kiko Mwansabombwe mpaka leo. Kila mwaka mwezi wa saba watu wanajaa kule kwa Umutomboko. Wengi wetu tumeshaenda kuona ngoma. Wachache wetu tuliuliza Walunda walibeba nini walipovuka Luapula, zaidi ya mikuki.

Walibeba mhogo. Masimulizi ya Walunda wenyewe yanasema hivyo, na waandishi wa historia wanakubaliana nayo. Mhogo si wa Afrika: Wareno waliuleta kutoka Brazili mpaka pwani ya Kongo na Angola katika karne ya 16, ukaingia bara mkono kwa mkono, pingili kwa pingili. Huku Luapula ulipata udongo wa kichanga na watu wa samaki ambao hawakuwa na muda wa kulinda mtama dhidi ya ndege. Ukashika. Leo mwambie Mzambia wa Nchelenge kwamba kalundwe ni mgeni, atacheka. Lakini ni mgeni, tena alikuja kwa njia ile ile tuliyokuja sisi.

Na kupanda mhogo si jambo la kuambiwa mara moja. Mhogo mchungu una sumu. Lazima mtu akuonyeshe kuuloweka majini siku tatu mpaka tano, uukande, uuanike, ndipo utwange. Ukikosea unaumwa. Kwetu Kongo, mwaka 1938, daktari Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa konzo kule Kwango, unaolemaza miguu ghafla, na baadaye ikajulikana kwamba unahusiana na mhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, hasa wakati wa njaa watu wanapofanya haraka. Kwa hiyo Bashila walipopokea mhogo lazima walipokea pia mafunzo. Mtu alikaa na mtu. Hakuna aliyeandika vikao vile, lakini mhogo wenyewe ni ushahidi kwamba vilikuwepo, maana watu wa hapa waliula na wakazaa watoto.

Wageni wenye kalamu walianza kufika baadaye. Lacerda, Mreno aliyetoka Tete, alifika nchi ya Kazembe mwaka 1798 akafia huko huko. Wapombeiro wawili kutoka Angola, Pedro João Baptista na Amaro José, walifika mwaka 1806 wakazuiliwa karibu miaka minne kabla ya kuruhusiwa kwenda Tete. Livingstone aliliona ziwa Mweru Novemba 1867, na mwezi huo huo akaingia mji wa Kazembe. Alimkuta nani? Mohamad bin Saleh, mfanyabiashara wa Kiswahili ambaye alikuwa amekaa pale miaka mingi, naye amezuiliwa asiondoke. Tunalisema hili kwa ajili ya wale wanaodhani Kiswahili huku Mweru kilishuka kwenye malori ya wakimbizi. Kilikuwepo. Na wapombeiro wale na Mohamad wanatukumbusha kitu kingine: mtu anaweza kukaa mahali miaka bila kujua ataondoka lini, na bado kila siku lazima ale.

Tunakuja kwenye jambo ambalo wengi wetu hatukulijua kabla ya mzee mmoja Mzambia kulisema kikaoni. Alisema: "Na sisi tulihamishwa." Tukadhani anatania. Kumbe ni kweli kabisa. Kuanzia miaka ya 1907 na kuendelea, serikali ya kampuni ya Waingereza iliwaondoa watu ufukweni mwa Mweru na Luapula kwa sababu ya ugonjwa wa malale. Vijiji vilihamishwa mbali na maji, uvuvi na kuvuka vikazuiwa. Hali hiyo iliendelea mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Fikiria mtu wa samaki unampeleka msituni. Mashamba ya zamani yalibaki nyuma, na kule mbele alianza upya na jembe. Watu waliporudi ziwani walikuta majani yamemeza kila kitu. Baada ya kusikia hayo, kikaoni watu waliacha kusema "ninyi wenyeji" kwa ile sauti ya kulaumu.

Halafu wakaja nzige. Mlipuko mkubwa wa nzige wekundu ulioanza mwaka 1930 hivi na kuenea karibu nusu ya kusini ya Afrika ulitokea jirani kabisa, kwenye mabwawa ya Mweru wa Ntipa. Ndiyo maana mwaka 1949 shirika la kimataifa la kupambana na nzige hao liliwekwa Abercorn, yaani Mbala ya leo. Nzige anakula jani, hafukui chini. Wakoloni wa pande zote mbili za maji walipenda watu wapande mhogo kwa sababu hiyo, na upande wetu wa Kongo ya Wabelgiji ilifika mpaka kulazimishwa: tangu mwaka 1917 kulikuwa na sheria ya kilimo cha lazima, mtu anapangiwa cha kulima, akikataa ananyang'anywa fedha au anafungwa. Wakubwa wetu wa Katanga bado wanalikumbuka lile neno la lazima. Ndiyo sababu papa mmoja kwenye kikao hukunja uso kila afisa wa kilimo akianza sentensi na "mnatakiwa". Tunamwelewa. Mhogo ule ule unaweza kuwa zawadi ya jirani au amri ya bwana mkubwa, inategemea nani anakupa pingili na kwa mdomo gani.

Lakini tusiwe watu wa kukataa kila mtaalamu. Miaka ya mwanzo ya 1970 mdudu mweupe mdogo, kidung'ata wa mhogo, aligunduliwa Kongo, karibu na Kinshasa na Brazzaville. Alikuwa amevuka bahari kutoka Amerika ya Kusini bila maadui wake. Alienea nchi baada ya nchi, na katika miaka ya 1980 akafika Luapula. Bamayo wazee wa hapa wanasimulia majani yalivyojikunja kileleni kama ngumi ya mtoto. Dawa ya kupuliza haikufaa, mashamba ni madogo mno na ni mengi mno. Suluhisho lilitoka Paraguay, mwaka 1981: nyigu mdogo kuliko chawa, anayetaga mayai ndani ya kidung'ata. Hans Herren na wenzake wa taasisi ya utafiti ya Ibadan, Nigeria, walimzalisha na kumwachia huru katika nchi nyingi, pamoja na Zambia. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995. Hapo mtaalamu alifanya kile ambacho kikao cha chini ya mti hakiwezi. Nasi tunasema asante, bila shingo upande.

Sasa turudi kwenye ardhi ya kuazima.

Vita vya kwetu vimeleta watu Luapula na Kaskazini zaidi ya mara moja. Mwisho wa miaka ya 1990 na mwaka 2000 zilifunguliwa kambi za Mwange, Mporokoso, na Kala, Kawambwa. Baadhi ya wakubwa kati yetu walikuwa watoto kule. Watu walilima. Walipanda mhogo, maharage, viazi vitamu, wakajenga, wakazika. Kisha kuanzia mwaka 2007 watu wakaanza kurudishwa Kongo, na mwaka 2010 kambi zikafungwa. Waliobaki wakapelekwa magharibi ya mbali, Meheba, ambayo ipo tangu 1971, na Mayukwayukwa, ya tangu 1966. Mhogo wa miezi minane uliachwa ardhini. Kuna mama kwenye kikao chetu ambaye bado anautaja ule mhogo kama mtu anayemtaja ndugu aliyeachwa njiani.

Ilipofika Agosti 2017, watu wa Pweto, Moba, Manono na vijiji vingi ambavyo havimo kwenye ramani wakavuka tena. Kwanza tulikaa Kenani, kituo cha kupitia. Mwaka 2018 tukahamishiwa Mantapala, humu humu wilaya ya Nchelenge. Safari hii serikali ilisema si kambi bali makazi: wenyeji na wakimbizi wanatumia shule moja, kliniki moja, na kila familia inapewa kipande cha kulima. Ni tofauti kubwa, tusiidharau. Ila kipande hicho unakitumia, si chako. Hakuna anayeweza kukuambia utakitumia mpaka mwaka gani.

Hapa ndipo kikao chetu kiligawanyika, na mgawanyiko huo ndio historia yake ya kweli. Lenga-lenga unavuna baada ya wiki tatu, nne. Nyanya miezi mitatu. Mhogo mchungu wa huku unataka miaka miwili, hata mitatu. Mwembe wa kokwa miaka mitano na zaidi kabla hujaonja embe la kwanza. Kwa hiyo ukimuuliza mtu wa Mantapala amepanda nini, umemuuliza anadhani atakaa muda gani. Ni swali zito hilo, na watu hulijibu kwa jembe badala ya mdomo.

Kijana mmoja alisimama akasema yeye hapandi kitu kinachozidi miezi mitatu. Baba yake alipanda Kala. Inatosha. Yule mama wa mhogo ulioachwa, ambaye tulidhani atamuunga mkono, akamjibu tofauti: "Mwanangu, ule mhogo kuna mtu aliula. Mimi sikumjua, lakini aliula." Nkambo mwingine akaongeza kwamba kule Ujiji na Tabora kuna miembe iliyoachwa na watu wa misafara ya zamani, na mpaka leo watu wanakula. Kijana hakukubali. Alisema hawezi kulisha watoto wa mtu asiyemjua wakati wake mwenyewe wana njaa. Tuseme ukweli, hakuna aliyekuwa na jibu la haraka kwa hilo. Kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari uvuvi wa Mweru unafungwa ili samaki wazaliane, na miezi hiyo hiyo ndiyo ya mvua na ya akiba kuisha. Chisense inapanda bei. Mtu asiye na mboga nyuma ya nyumba anaisikia miezi hiyo tumboni. Kijana alikuwa anahesabu sawasawa.

Kilichotokea baadaye hakikuamuliwa na kura. Watu walianza kuchanganya. Pembezoni mwa nyumba mboga za haraka. Shambani mhogo, na wengi wakaenda kwenye zile aina mpya za Zambia zinazokomaa mapema kuliko ule wa miaka mitatu. Mojawapo inaitwa Mweru, jina la ziwa letu, jambo ambalo liliwafurahisha sana watoto. Na miembe? Imepandwa kadhaa, karibu na shule, mahali ambapo si kiwanja cha mtu. Yule kijana alichimba mashimo mawili. Hajasema kwa nini, nasi hatukumuuliza.

Kuna jambo moja bado halijaisha, na ni zito kuliko miembe. Sote tunapenda pingili za nyumbani. Mtu akienda Pweto kuona ndugu anarudi na fungu la miti ya mihogo, kwa sababu ile ndiyo aliyokua akiila. Lakini mwaka 2018 watafiti waliripoti ugonjwa wa michirizi ya kahawia kwenye mihogo ya Chienge na Kaputa, wilaya za kaskazini zinazopakana na kwetu. Ugonjwa huo ni mbaya kwa sababu shina na majani yanaweza kuonekana mazima, halafu unachimba unakuta ndani ya kiazi kumeoza vidonda vya kahawia, hakiliki. Unabebwa na inzi weupe, na unabebwa na sisi, kwenye pingili. Pingili ile ile inayobeba kumbukumbu ya nyumbani inaweza kubeba ugonjwa mpaka kwa jirani aliyetupokea.

Tulibishana vikao viwili. Wapo walioona ni njia nyingine ya kusema wakimbizi wanaleta magonjwa, na hatuwalaumu, hayo maneno tumeyasikia sokoni. Lakini virusi havijui nani mkimbizi. Wenyeji nao wanavuka maji, wana ndugu pande zote mbili tangu kabla mpaka haujachorwa. Tulikubaliana kwamba pingili yoyote ya mbali, ya mkimbizi au ya mwenyeji, ipandwe kwanza peke yake kwenye kitalu cha pembeni, ichimbwe moja kuangaliwa ndani, ndipo igawiwe. Papa yule wa "mnatakiwa" ndiye aliyechaguliwa kusimamia kitalu. Alikubali kwa masharti kwamba hakuna mtu atakayeita kanuni hizo amri.

Kikao kijacho ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, mahali pale pale. Atazungumza bamayo wa kijiji cha jirani kuhusu bustani za bondeni wakati wa kiangazi: jinsi ya kujua maji yako chini kiasi gani kwa kuangalia majani yanayoota juu. Ataongea Kibemba, tutatafsiri. Mwenye mbegu za ngai-ngai nyekundu aje nazo, zimetuishia. Mwenye pingili kutoka ng'ambo azipeleke kwanza kwa papa wa kitalu.